Kipini cha Khairiya

Mheshimiwa Bwana DC, Daktari Kamau na wauguzi wako, masharifu na mashekhe wetu wa Mkomani, ndugu zangu mliotoka Faza na Chundwa, na wewe tunayekuaga leo, Bi Nerea Kemunto: assalamu alaykum.

Nimeambiwa nisiseme sana. Mwanijua, mimi Abdulhadi nauza ng'ombe, kelele ndiyo kazi yangu, lakini leo nitajitahidi.

Mwakumbuka jicho la binti yangu Khairiya lilivyotokeza nje, kila mwezi likizidi? Kila aliyepita barazani kwangu alikuwa na lake: huyu asema jini, huyu asema husuda. Daktari akasema lazima kichwa kipigwe eksrei. Picha ya uso wa mwanamke! Nyumbani kwetu haijawahi kupigwa, na siku ile pia haingepigwa, kama mpigaji asingekuwa mwanamke mwenziwe, Bi Nerea huyu, aliyetoka Kisii mpaka huku kwetu.

Basi mtoto akafurahi kama anaolewa. "Mama, nipake wanda, naenda kupigwa picha!" Akapakwa wanja, akavaa vipuli vya dhahabu, na asumini kichwani. Bi Nerea, ulimcheka? Hukumcheka. Ulimwambia avue madini yote, akavua. Kipini cha puani akakataa katakata. "Hiki nimetiwa na bibi yangu." Ukamwachia, kwa kuwa hakingeziba tundu la jicho.

Picha ilipotoka Daktari akatuonyesha: tundu moja limepanuka kuliko la pili, kuna kitu nyuma ya jicho kinasukuma mfupa. Mombasa wakamtoa mfuko wa maji, wa mdudu anayetoka kwa mbwa; utotoni alicheza sana na mbwa wa wafugaji kule Garsen, nilipokwenda naye kununua ng'ombe. Jicho likarudi mahali pake, akatuona sote. Alhamdulillahi.

Mwaka jana homa ikamchukua. Nina hamu naye, jamani! Mamake huniuliza, "Hivi akicheka, shavu lilikuwaje?" Nami naanza kusahau, wallahi nasahau. Picha yake hatuna hata moja. Ndiyo mila yetu, wala siilaumu. Iliyopo ni ile ya kabatini mwenu, mifupa mitupu, na nukta nyeupe pale puani.

Bi Nerea, nasikia picha za zamani zitatupwa ukishaondoka. Wenzangu wamekuletea kanga na halua. Mimi nimekuja kuomba. Nipe mwanangu nimrudishe kwa mamake. Tutamwinua dirishani penye mwangaza, tukitafute kipini chake.

Ahsanteni nyote kwa masikio yenu. Siketi, Bi Nerea, mpaka unijibu.