Bi Wasila, Aliyeipigia Simu Hoteli Yake Akaambiwa Imejaa

Tarehe 30 Septemba, Bi Wasila Gharsallah ataondoka kwenye meza ya mapokezi ya Hoteli Dar Boughazala, hapa Mahdia, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Sherehe itakuwa alasiri, uani, na Mongi mpishi ameahidi kuskusi ya pweza. Wafanyakazi wa zamu wanaombwa wasije wote kwa pamoja. Lazima abaki mtu wa kupokea wageni, na safari hii hawezi kuwa yeye.

Alianzia chumba cha kufulia. Akahamishiwa mapokezi kwa muda, wakati aliyekuwepo amekwenda kuoa. Bwana harusi hakurudi, na Bi Wasila hakuambiwa arudi kufua. Kijerumani alijifunza kwa wageni, Kiitaliano kwa televisheni. Mgeni akilalamikia adhana ya alfajiri, alimwahidi kwamba suala hilo litafikishwa kwa wahusika.

Zaidi ya yote atakumbukwa kwa mambo ya ile kampuni kubwa ya kuuza vyumba mtandaoni, ambayo jina lake, kwa ushauri wa mwanasheria, hatulitaji.

Kampuni ilikuja kwa upole, ikaomba sehemu ndogo ya bei ya kila chumba. Baadaye ikaomba kubwa. Kisha ikatukataza kumtoza mgeni yeyote bei nafuu kuliko yake, hata akiwa amesimama mbele yetu na sanduku mkononi. Mwenye hoteli, Bwana Lamine, alipokataa nyongeza iliyofuata, wageni wakakatika kama maji ya bomba. Majira ya baridi yale tulifunga ghorofa ya juu. Mongi alirudishwa nyumbani, pamoja na wasafishaji wawili wa idara yangu, Dorsaf na Hayet.

Siku moja Bi Wasila aliandika jina la hoteli yetu mtandaoni. La kwanza kutokea lilikuwa tangazo lenye jina letu, picha ya mlango wetu, na namba ya simu asiyoijua. Akaipiga.

"Hoteli Dar Boughazala, karibu," ikaitika sauti ya kiume, nzuri kabisa.

"Ahsante. Nataka chumba, Ijumaa."

"Samahani sana mama, tumejaa. Ila nina hoteli nyingine hapo jirani, safi, tena ina bwawa."

"Mmejaa kabisa?"

"Hata kochi la mapokezi limeshachukuliwa."

Bi Wasila alilitazama kochi. Paka alikuwa amelala juu yake.

"Na wewe ni nani hapo hotelini?"

"Mhudumu wa mapokezi, mama."

"Hongera," akasema Bi Wasila. "Mimi pia."

Simu ikakatwa. Sisi wengine tungetukana. Yeye asubuhi iliyofuata alipiga tena, akaomba kuzungumza na mhudumu mwenzake, akamweleza kwa adabu kwamba vyumba karibu vyote viko wazi, na kwamba bafu la chumba cha pembeni limeshatengenezwa. Ikawa ndiyo desturi yake ya kila asubuhi, kabla ya kahawa.

"Mama, usinipigie," yule bwana alimsihi. "Hizi simu zinarekodiwa."

"Vizuri. Na wao wajue nafasi ipo. Umewahi kufika Mahdia?"

"Sijawahi. Niko Sfax. Lakini nimewaambia watu wengi kwamba kuna upepo mzuri."

Asubuhi nyingine alimwambia kwamba mpishi wetu sasa anauza suruali za mitumba kwenye soko la Ijumaa, na hajui kuuza.  Bwana wa Sfax hakuikata simu mpaka alipomaliza.

Bwana Lamine alikuwa tayari kusalimu amri. "Wasila, hao wana mawakili wengi kuliko sisi tulivyo na vijiko," alisema.

"Vijiko vyetu angalau havijiiti Dar Boughazala," akajibu, akapanda treni kwenda Tunis, kuishtaki kampuni mbele ya Baraza la Ushindani, linaloamua kesi za haki katika biashara.

Siku ya kusikilizwa, mawakili walieleza kwamba tangazo lile lilikuwa huduma kwa wateja, na kwamba hakuna aliyewahi kujifanya ni hoteli. Bi Wasila aliombwa aipige ile namba mbele ya wote. Haikuita. Ilikuwa imefungwa. Anasema kilichomjia kichwani ni Mongi na zile suruali zake za mitumba.

Ndipo kwenye benchi la nyuma akasimama mtu mnene mwenye koti la kubana. Bi Wasila hakuwahi kumwona, lakini alipofungua kinywa aliijua sauti ya Sfax, ambayo asubuhi moja alikuwa ameitajia siku ya kesi.

"Naitwa Anwar Chaabouni," alisema. "Mimi ndiye mhudumu wa mapokezi wa Dar Boughazala. Na wa hoteli nyingine nyingi tu."

Akaeleza walivyofundishwa kusema, neno kwa neno, pamoja na lile kochi. Kazi aliipoteza siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Baraza lilikataza tangazo na uongo wa "imejaa", likatoza faini. Kampuni ilikata rufaa, na rufaa bado inaendelea. Wageni walirudi polepole. Mongi alirudi jikoni, Dorsaf akarudi ghorofani. Hayet alikuwa ameshahamia Italia, na mtu akimpongeza Bi Wasila kwa ushindi, humjibu kwamba tulishinda pungufu ya mtu mmoja. Bwana Anwar ndiye anayeirithi meza. Alipofika mara ya kwanza ilibidi aonyeshwe lango liko wapi, licha ya uzoefu wake.

Wiki moja baada ya sherehe Bi Wasila atakwenda Tozeur, mji wa kusini jangwani, na dada yake kupumzika. Alipopiga simu kuweka chumba, alimtaka mhudumu wa mapokezi wa huko achungulie nje, amwambie anaona nini.

"Mitende, mama. Na mwanamume anasukuma pikipiki iliyokufa."

"Anaisukuma kwenda wapi?"

"Anakuja huku. Ni mume wangu."

Akaweka chumba.

Bi Wasila, ahsante kwa miaka yote uliyotusimamia pale mlangoni. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na mume wa yule mhudumu wa Tozeur apate fundi kabla hujafika.

Selwa Mzoughi, idara ya usafi, kwa niaba ya wafanyakazi wote