Mama Vichwa Anaiaga Maabara ya Samaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtafiti wetu mkuu wa samaki wa pwani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye makaratasi ana cheo kirefu. Kwetu sisi wa maabara, na kule mnadani wanakouza samaki, ni Mama Vichwa, na ameniruhusu nimwite hivyo hata katika programu hii ya kumuaga.

Jina alilipata mapema. Aliajiriwa akiwa binti mwembamba, akapewa chumba cha mwisho, kile chenye sinki linalovuja, na kila asubuhi alipitia mnadani kununua vichwa vya samaki. Wauzaji walimtania: "Shangazi, na viwiliwili unamwachia nani?" Nyumbani kwake ilikuwa vichwa leo, vichwa kesho, hadi kitinda mimba wake alipoambiwa shuleni achore samaki, akachora kichwa na mkia, katikati hamna kitu.

Alichokitafuta ni kijiwe kilichomo sikioni mwa samaki, kidogo kama punje ya mchele. Hukikata, hukisugua, kisha hukiweka chini ya hadubini. Mimi kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara, na shule yangu haikufika mbali, lakini siku moja aliniita nichungulie. Niliona duara ndani ya duara, kila moja ni mwaka wa samaki yule. Nilishika meza. Nikasema moyoni, Mola wangu, kumbe hata umri wa samaki umeuandika, tena sikioni! Mpaka leo nikikumbuka mwili hunisisimka.

Kwa vijiwe hivyo aligundua jambo. Wale samaki wadogo wa ghuba yetu, ambao sote tuliamini ni aina isiyokua, hawakuwa na hata duara moja la mwaka. Walikuwa watoto wa changu, samaki wale wale ambao wavuvi walilalamika kwamba wamepotea. Tulikuwa tunawamaliza wangali wachanga. Akawaomba wavuvi waipumzishe ghuba msimu mmoja, akawahakikishia kwamba baada ya hapo watavua changu wa maana.

Wakakubali shingo upande. Msimu ukaisha, nyavu zikashushwa, zikapanda na samaki wasiojaza kiganja. Familia zilikuwa zimejifunga mkanda kwa neno lake, na minong'ono ikaanza kwamba msomi huyu ana mshahara, njaa ya wenzake ataijulia wapi.

Alijifungia akapima upya vijiwe vyote, kisha akaenda mnadani kumwuliza muuzaji wake jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: vichwa vyangu vya changu huwa unavichaguaje? Yule bwana akajibu kwa fahari kwamba miaka yote humchagulia vikubwa kuliko vyote, maana yeye ni mteja wake wa kufa na kuzikana. Basi hesabu zote za ukuaji zilikuwa za samaki waliokua haraka kuliko wenzao, ndiyo maana msimu mmoja ulionekana kutosha!

Mkurugenzi alimshauri anyamaze, yatapoa. Yeye akashuka ufukweni, akasimama mbele ya wavuvi na kusema kosa ni lake, hakuuliza. Muuzaji hakumtaja kabisa. Akaomba msimu mwingine, safari hii bila kuahidi ukubwa. Walimzomea, kuna aliyemwambia akatafune vijiwe vyake. Ndipo mama mmoja mshona nyavu, mkali kama pilipili, akawakemea wanaume: wasomi wangapi wamepita hapa, yupi aliwahi kurudi kusema amekosea? Wakampa msimu.

Changu walirudi, ndugu zangu. Nilikuwepo wavu wa kwanza ulipovutwa. Wanaume walishindwa kuutoa majini, tukaitwa hata sisi wa maabara na viatu vyetu miguuni. Mama Vichwa hakuvuta. Alisimama maji yakiwa magotini, mkono mdomoni, machozi yakimtoka, na mimi nikajua nimeona kazi ya Mungu ikipita mikononi mwa mtu.

Mwaka huu wavuvi wameifunga ghuba wenyewe kabla hajawakumbusha, tena kwa wakati uliotakiwa. Habari zilimkuta akifungasha ofisini. Akakaa juu ya boksi, akacheka, akasema sasa kweli anaweza kwenda nyumbani.

Nenda, Mama. Asante kwa kutufumbua macho. Mwenyezi Mungu akupe afya, na wajukuu wako wakujue kwa raha, nasi tunakuombea pumziko jema lililojaa baraka.