Moshi wa kwa Mama Pierrette

Benchi la kahawa la Mama Pierrette limeegemea ukuta nyuma ya soko la samaki la Nchelenge, na wanaume wanaokaa hapo huzijua bei za dunia nzima. Asubuhi hiyo Gustave, mwenye kibanda cha sabuni na mafuta, alikuja na moyo mzito. Hali ilipokaza, nyumba yake ilianza kukila kibanda: leo chumvi, kesho sukari. Akampiga marufuku mkewe, Yolande, asiguse rafu. Ajabu ni kwamba chakula kiliendelea kufika mezani, tena kitamu kuliko zamani. Bila shaka, aliwaza, mke anakopa mahali, na mkopeshaji akitokea, kibanda kitaondoka naye. Kumuuliza mke aliogopa.

Akazunguka mbuyu: Mama Pierrette naye anawezaje, watoto wananawiri hivi?

— Kwake moshi haitokake kila siku, akasema Chisenga, fundi injini za mitumbwi, jina la benchi Plagi. Bazee balisema, pasipofuka moshi pana pesa.

— Iko na gazi, akajibu Hugues, mshonaji, aitwaye Maître. Kaka yake wa Lubumbashi njo anamutumia.

— Gazi wapi? Ule mama anapikia jua. Niliona bati mupya.

— Donc wakati wa mvua?

— Anapika mbele ya mvua kuanza. Haraka haraka haina baraka.

Pierrette alimimina kahawa, akitabasamu.

Hapo akafika mwanamke wasiyemjua, beseni la makaa kichwani.

— Mwapoleni. Papa Gustave njo nani?

Gustave akainua mkono. Mkopeshaji ndiye huyu.

— Miye Ireen. Leo ni zamu ya kwenu. Yolande anatupikia nini?

Benchi zima likamgeukia Gustave.

Ndipo Pierrette akaeleza. Tangu rafu ifungwe, yeye, Ireen na Yolande wanapikia nyumba tatu kwenye moto mmoja kwa zamu, kila mmoja akileta alicho nacho.

— Bengine banafanya likelemba ya kupeana pesa kwa zamu, akasema. Shiye, ya sufuria. Yolande alisema siku moya utauliza. Haukuuliza.

Gustave aliona haya, na ndani ya haya hiyo akamwonea mkewe fahari kubwa. Ameokoa kibanda bila kugusa hata kiberiti. Akaacha kahawa nusu, akafungua kibanda, akashusha chupa ya mafuta na kumfuata Ireen. Njiani akamuuliza wanaokula ni wangapi, ajue kama chupa moja itatosha.