Historia ya Mzee Wenceslaus Ngollo na Mkono Wake wa Kushoto

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Cheyo na watani wetu, kabla ya yote familia inawaomba mtazame nguzo ya turubai iliyo karibu na spika, hiyo picha ya eksirei inayoning'inia hapo ni ya mkono wa marehemu, imewekwa kwa maagizo yake mwenyewe, na tafadhali watoto wasiichezee.

Mzee Wenceslaus Ngollo alizaliwa Kigwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Ngollo na Mama Marcelina, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akisifiwa kwa hesabu na kulalamikiwa kwa ubishi, na ubishi ndio alioendelea nao. Mwaka 1976 alikuja mjini kujifunza ufundi baiskeli kwa Mzee Uwesu, akafungua kibanda chake hapa Cheyo mwaka 1981, na tarehe 2 Juni 1984 akafunga ndoa na Mama Adelina, wakajaliwa Flavia mwaka 1986 na Valentino mwaka 1989, wote wapo hapa.

Tarehe 21 Juni 2009, akirina asali porini Kigwa, kamba ilikatika, mzinga wa gogo ukamwangukia mkono wa kushoto juu kidogo ya kiwiko, ukajeruhi mshipa wa fahamu. Kidonda kilifunga baada ya wiki sita, maumivu yakagoma kuondoka, akawa anasema mkono unawaka kama umepakwa pilipili, kwamba hata upepo wa kanga unamuumiza, akakata mikono ya kushoto ya mashati yake yote, likiwemo la harusi, na Mama Adelina hajalisahau hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sisi hatukuona kidonda tukasema hakuna ugonjwa, tukamwita Mzee Nusu Likizo, na tunaposema sisi tunaitaja na familia, maana hata mama alikuwa akimwachia ndoo ya maji uani na kuchungulia dirishani aone atainyanyua kwa mkono gani. Marehemu hakuomba huruma, aliomba aaminiwe, basi.

Aliyemshuku kuliko wote ni jirani yake Mzee Modest, Mgogo, mtani wetu tangu mababu walipokutana katika njia ya misafara. Tarehe 5 Julai 2014, kwenye harusi ya Flavia, Mzee Modest aliamua kumfumania, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba ana zawadi ya baba wa bibi harusi, akamrushia jogoo upande wa kushoto, kwa hesabu kwamba hakuna Mnyamwezi atakayeacha kitoweo kianguke, na hesabu ilikuwa sahihi, marehemu alimdaka, mfupa wa karibu na kiganja ukavunjika, jogoo akasalimika.

Hospitalini nesi aliandika kwamba chanzo ni jogoo, akafuta, akaandika kuanguka, marehemu akakataa kutia saini mpaka jogoo arudishwe. Daktari alizipachika picha za mikono yote miwili kwenye taa, mifupa ya kulia ikaonekana myeupe, ya kushoto imefifia, akaeleza kwamba mshipa wa fahamu ukiumia hata mfupa huvurugika katika kujijenga, na maumivu yakimzuia mtu kuutumia mkono kwa miaka mitano, mwili huuona mfupa ule hauna kazi na kuupunguza, kwa hiyo mgonjwa huyu hakuwa akitegea, alikuwa akiumwa. Marehemu alilia, akamwomba daktari arudie kwa sauti, kwa kuwa Mzee Modest alikuwa amesimama mlangoni.

Mtani haombi radhi, na Mzee Modest hakuomba, ila kila Jumatano kwa miaka zaidi ya kumi alimpakia marehemu kwenye baiskeli kumpeleka kwenye mazoezi ya mkono, akimkejeli njia nzima kwamba babu yake alifika pwani na mzigo kichwani, yeye ameshindwa na kuku. Mwaka 2021 marehemu aliweza kushika kikombe cha chai kwa mkono huo, akatembea nacho mtaa mzima.

Tarehe 27 Februari 2025 aliugua homa ya mapafu, akafariki tarehe 9 Machi saa nane mchana. Mkono haukutajwa kwenye cheti, tunajua angelibisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, Jumuiya, na majirani waliotupikia. Watani tunawashukuru pia, ingawa Mzee Modest tangu jana hajatoa kejeli hata moja, hajazuia jeneza, hajadai chochote, na mtani aliyenyamaza msibani anatutisha. Marehemu alikuachia jogoo, Mzee Modest, yuko nyuma ya jiko, aliagiza umpokee kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote, kabla jeneza halijanyanyuliwa, useme kama ni mzito au si mzito.

Pumzika kwa amani, Mzee wetu, ulikuwa unaumwa, tunakuamini.