Bi Alama, Msomi wa Picha

Ndugu waombolezaji, viongozi wa dini, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kutufariji, mimi ni mdogo wake marehemu wa kumfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani, Bi Alama.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1962, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshonaji, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja nasi tulikuwa wengi, alijifunza kuchora akiwa amejikunja chini ya meza ya cherehani, mahali pekee ambapo hakuna aliyemkanyaga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akamaliza sekondari 1979, akaingia chuo cha uchapaji, akaajiriwa katika idara ya uchapaji ya serikali, na mwaka 1986 akapelekwa na idara yake kusomea usanifu wa taarifa, yaani elimu ya kupanga maneno, takwimu na picha ili mtazamaji aelewe bila kuzungushwa. Mjomba alimwuliza mbele ya watu, "Miaka yote hiyo unajifunza kuchora mishale tu?" naye akajibu, "Ndiyo mjomba, ili usiingie tena choo cha wanawake," na mjomba yupo hapa, ni shahidi wangu.

Utafiti wake ulihusu vibandiko vya dawa, akawa anakaa kwenye mabenchi ya zahanati akiwaonyesha kina mama picha na kuwauliza wanaona nini, ndipo akagundua kwamba kijiko chenye msalaba mwekundu wa kukataza juu yake, kilichokusudiwa kusema dawa hii ni ya kupaka, isinywewe, wengi walikisoma kuwa ni kijiko cha hospitali, basi inywewe. Aliporejea kazini mwaka 1989 alimweleza mkuu wake, akajibiwa, "Picha imeshapitishwa, wewe chora." Mkataba wa masomo ulimkataza kuhama kwa miaka kumi, hivyo akabaki katika chumba kisicho na dirisha akichora kalenda na kadi za harusi za wakubwa, na kila toleo jipya lilipotoka akaletewa kijiko kile kile akisafishe mistari yake kwa ajili ya mtambo wa kuchapa, akapinga, akanyamazishwa, akakisafisha. Alikuwa akirudi nyumbani anasema, "Mkono wangu wanautaka, mdomo wangu hawautaki." Picha ilibadilishwa mwaka 1998, baada ya mtoto kunywa dawa ya kupaka na kulazwa, tunashukuru alipona, na aliyepongezwa kwa mabadiliko hayo alikuwa mkuu yule yule.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mkunga, na kijana ambaye ni dereva wa treni.

Tarehe 8 Oktoba mwaka juzi marehemu alipatwa na kiharusi, kikachukua upande wa kulia na sauti yote, akili ikabaki nzima, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Hospitali ilitupatia ubao wa picha, bilauri, choo, kitanda, sahani na uso wenye maumivu, nasi tukawa tunamzunguka, "Ni maji? Ni choo? Inauma?" naye anafumba macho. Siku moja alichora kwa mkono wa kushoto, mistari imepinda, mwanamume aliyefunua kinywa na mwanamke mwenye sikio kubwa, binti yake akasema, "Mama masikio yanamuuma," tukampeleka kuoshwa masikio, akalia njia nzima, nasi tukasema maskini, kweli yalikuwa yanauma.

Alichora tena, safari hii akamwekea yule mwanamume kioo cha fundi saa jichoni, na nyuma yake mtaa, kinyozi, muuza mkaa, watu wanagombana. Shemeji akakichukua kikaratasi kile, akasema, "Kumbe mke wangu unataka umbea!" na dada yetu akacheka kwa nusu ya uso, kicheko chake cha kwanza tangu augue.

Tangu hapo shemeji alifunga duka mapema, akaketi kitandani, akampa habari za mtaa bila kumwuliza swali lolote. Alhamisi iliyopita alasiri alikuwa akimweleza jinsi umeme ulivyomkatikia kinyozi akiwa amenyoa nusu ya kichwa cha bwana harusi, akahisi mkono wa mkewe umelegea ndani ya wake, akajua, lakini hakuinuka, alimsimulia habari ile mpaka mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani mliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa zamani, hasa mliokuwa mkimtembelea hata baada ya yeye kustaafu.

Dada, umechoka, pumzika, na amani ikae nawe.