Masaa Mbili na Dakika Kumi Mpaka Bakwanga

MUJINGA: Alo, hapa camp ya wakimbizi, kwa masista. Nani anaita?

STANISLAS: Yaya Mujinga, ni mie, mudogo wako. Niko kazini, uwanja wa ndeke wa Luano—

MUJINGA: Stani! Habari ya huko?

STANISLAS: Muzuri. Mama aliamuka je?

MUJINGA: Alikula bukari kidogo. Tumefunga mizigo, kamyo iko karibu. Utatungojea hapo?

STANISLAS: Ndiyo. Nitawapima kilo, nitawapandisha.

MUJINGA: Nawe unapanda.

STANISLAS: Simu inakwaruza, yaya.

MUJINGA: Stani. Jina lako nililiandikisha mie mwenyewe.

STANISLAS: Na liste ya mwisho njo naandika mie. Nimelitoa. Nafasi nimempa jirani yetu Régine na mutoto wake.

MUJINGA: Uko na wazimu? Bwana ya Régine askari walimutoa kitandani sababu ni Mukasai tu, kama sisi. Kesho watakuja kwako—

STANISLAS: Waje. Sikia, yaya. Kwenye ukuta wangu iko tabela ya safari za ndeke. Mpaka Bruxelles, kilomita karibu elfu saba. Mpaka Bakwanga, mia saba arobaini na tano, masaa mbili na dakika kumi. Tangu Katanga ijitenge, kila muntu ananiambia rudi kwenu Kasai. Mie nilizaliwa hapa, Makomeno. Baba tulimuzika hapa. Bakwanga sijakanyaga hata siku moja. Kutoka hapa mpaka kwetu ni kilomita ngapi? Zero.

MUJINGA: Maneno hayo matamu kawaambie askari.

STANISLAS: Niliwaambia juzi.

MUJINGA: Na walikupiga.

STANISLAS: Walinipiga. Leo niko kazini.

MUJINGA: Kichwa ngumu kama— Ngoja. Mama iko hapa, amesikia yote. [Anaongea pembeni.] Anauliza, hiyo masaa mbili ni ya kwenda. Ya kurudi je?

STANISLAS: Ni ileile. Lakini ndeke inarudi tupu. Sijaandika muntu hata mumoja wa kurudi.

MUJINGA: Anasema hapandi.

STANISLAS: Hapana, mama apande. Mie ni kijana, yeye—

MUJINGA: Hanisikii. Ameketi juu ya valizi. Anasema ameacha kaburi hapa, hataacha mutoto pia. Anauliza jina lake uliandika na wino ama na kreyon.

STANISLAS: Na kreyon, inafutika. Yote tunaandika na kreyon mpaka muntu asimame kwenye mizani.

MUJINGA: Anasema futa.

STANISLAS: Yaya...

MUJINGA: Futa, Stani. Sista ananionyesha saa, dakika za simu zimeisha.

STANISLAS: Nafuta. Na lako? [Simu inakwaruza.] Yaya, lako je?

MUJINGA: Niko na watoto watatu. Wao hawawezi kupigwa juzi na kwenda kazini leo.

STANISLAS: Sikusema—

MUJINGA: Langu andika na wino.

STANISLAS: Naandika.

MUJINGA: Na ya watoto, yote tatu. Mama umuchukue hapa camp kabla ya giza, anaogopa kulala pekee. Bon, kamyo imefika, nakuona huko, usi—