Kondoo wa Mzee Githaiga

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe hata kwa mdomo huu wangu, ulionyamaza siku ulipotakiwa kusema.

Mimi ni Kariuki, fundi wa viatu hapa Nyeri. Zamani nilikuwa mwizi wa soko la Karatina. Tulikuwa wanne. Tulivunja maduka, tukawapora akina mama mizigo yao, na hakuna aliyetuweza. Lakini Emajensi ilipoingia, ile hali ya hatari ya wakoloni, maduka yakalindwa kwa bunduki, watu wakahamishiwa vijiji vilivyozungushwa handaki. Wezi tukalala njaa! Ndipo shetani akatupa akili. Tuliacha nywele zikue, tukazisokota, tukavaa makoti yaliyoraruka, tukajiita watu wa msitu, wale waliopigana na Mzungu kwa ajili ya ardhi. Nani angewanyima watu wa msitu chakula?

Alasiri moja ya mvua tulimkuta Mzee Githaiga akichunga kondoo wake karibu na mto. Hatukumjua, naye hakutujua. Nikamwambia, "Mzee, vita inataka nyama." Hakuuliza swali. Alichagua dume lililonona kuliko wote, akanikabidhi kamba kwa mikono miwili, kisha akatunywesha uji wa kibuyu chake mwenyewe. "Endeni salama, watoto wangu," akasema. "Hii mashamba Mzungu alichukua itarudi." Tulivuka mto tukicheka. Mimi ndiye niliyecheka kuwashinda wote.

Ngozi tuliitupa vichakani kwa uvivu tu, na kichwa kikiwa bado juu yake. Homu gadi, wenzetu waliolinda vijiji kwa niaba ya Mzungu, wakaiokota. Masikio yalikuwa na alama ya kukatwa, na kijiji kizima kilijua alama ile ni ya nani. Siku zile kuwalisha watu wa msitu lilikuwa kosa la kunyongwa.

Wakamkamata Mzee, kisha wakafanya msako Karatina. Nilikuwa nimekwisha kunyoa nywele, lakini kovu hili la panga juu ya jicho ningelinyoaje? Tulichuchumaa kwa mstari, mamia ya wanaume, na Mzee akapitishwa mbele yetu akiwa amefungwa mikono. Askari akamwambia, "Onyesha wale ulipatia kondoo, urudi nyumbani kwa bibi yako."

Akafika kwangu. Akalitazama kovu. Ndugu zangu, aliniinamishia kichwa kidogo sana, kwa heshima, kisha akasema kwa sauti, "Hawa wote siwajui."

Akapita. Hapo nikaelewa. Mzee aliamini mimi ni mpiganaji wa kweli! Alikuwa anamlinda shujaa, na shujaa mwenyewe ni mimi, mwizi wa vikapu vya akina mama. Neno moja lilikuwa kwenye ulimi wangu: ni mimi, na hakuna msitu wowote. Nikalimeza. Labda wasingeniamini. Labda wangetunyonga sote wawili. Sitajua kamwe, maana nilinyamaza. Mzee Githaiga akanyongwa.

Baada ya hapo nyama ilinishinda kula. Pombe nayo ikanishinda, maana kila nilipolewa nilimwona akiinamisha kile kichwa. Nilitaka kufa! Siku moja ndugu waliookoka walikuwa wakihubiri kando ya barabara, nikaanguka mbele yao nikalia. Yesu akanipokea pale pale kwenye matope. Haleluya! Ndugu wakaniambia, nenda ukatengeneze na wale uliowakosea.

Nilienda kwanza ofisi ya serikali kukiri. Karani akaniambia, "Mtu amenyongwa, unataka tumfufue? Toka hapa."

Kisha nikaenda kwa mjane wake, Mama Muthoni, nikivuta kondoo dume. Alikuwa akipukuchua maharagwe. Nilimweleza yote. Hakulia. Alisema, "Nilikuwa na bwana amekufa juu ya nchi. Hiyo tu ndiyo nilibaki nayo. Sasa ati alikufa juu ya wezi?" Akasukuma kamba kwa mguu. "Rudi na kondoo yako. Wewe umepata wokovu. Mimi nimepata nini?"

Nikaiokota kamba, nikageuka.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Alikuona?"

"Aliniona, Mama."

"Alikujua?"

"Alinijua."

"Basi siku ukisimama kanisani, sema hiyo."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenisamehe, lakini sitawadanganya kwamba nalala vizuri. Kama uko hapa na umeficha neno linaloweza kumwokoa mwenzako, lilete leo. Yesu humpokea hata aliyechelewa, mimi ni shahidi. Kwa Mzee Githaiga nilichelewa. Wewe usichelewe! Mtumaini Yeye, ufungue mdomo.

Mama Muthoni ameketi pale, benchi la mwisho karibu na mlango. Hakuja kwa ajili yangu. Basi nasema, Mama, watu wote wasikie: aliniona. Alinijua. Kidole kimoja tu kingemrudisha kwako, naye hakukiinua.